Hakuna Aliyemuuliza Muosha

Kuosha maiti nimerithi kwa mama yangu, na yeye alirithi kwa mama yake. Nimesomesha skuli ya msingi hapa Pemba mpaka nikastaafu, na miaka yote hiyo, ikitangazwa msikitini kwamba kafariki mwanamke au mtoto, nilikuwa nikiweka chaki chini nikenda kushika kata. Nimewaosha wanafunzi wangu na walimu wenzangu. Mama mwenyewe nimemuosha kwa mikono hii. Katika wote hao yupo mtoto mmoja wa kike ambaye aliuawa, na aliyemuua hajajulikana hadi leo. Ninayotaka kuyaandika ni yale niliyojifunza kwa kifo chake: namna ushahidi ulivyopotea mbele ya macho yetu kwa siku moja tu, na namna maneno ya watu yalivyokuja kukaa mahala pake. Shehia sitaitaja, wala mwaka, wala jina la mtoto. Mamake yu hai, na yaliyokwisha kusemwa juu yake yanamtosha.

Ulikuwa msimu wa vuno. Wakati wa karafuu kila mtu yuko nje: majamvi yametandazwa kila penye jua, wanawake wamekaa vikundi wanachambua, makonyo huku, karafuu huku, na wachumaji waliokuja kutoka nje wamejibanza kwenye mabanda na vyumba vya kupanga. Mtoto alitoka chuoni, kwenye masomo ya Kurani, baada ya Alasiri pamoja na wenzake. Walipofika njia panda wenzake wakakata kwao, yeye akaendelea. Magharibi ikaingia hajafika. Mamake alikwenda nyumba hadi nyumba akiuliza, wanaume wakatoka na tochi, na usiku ule hapakulala mtu. Kulipokucha ami yake akamkuta bondeni chini ya mikarafuu, akambeba kifuani mpaka nyumbani.

Simlaumu ami yake. Nani atamuacha mtoto wake chini kwenye umande, akae kungoja askari? Lakini kutoka saa ile kila kitu kilianza kupotea. Nusu ya kijiji iliteremka bondeni kwenda kutazama mahala alipokutwa. Wengine walivunja matawi ili wapate njia. Ndara moja ya mtoto iliokotwa na watoto wenzake, ikapita mkono kwa mkono, na mtu mmoja kwa wema wake akaifuta tope kwa majani kabla ya kuipeleka kwa sheha. Niliiona baadaye juu ya meza ya sheha, safi, pembeni ya daftari na kikombe cha chai.

Askari walipofika jua lilikuwa limeshapanda. Mdogo wao, kijana ambaye ndevu zilikuwa ndiyo kwanza zinaota, alianza kuwarudisha watu nyuma na kuuliza nani ana kamba. Mkubwa wake akamwambia aache, watu wana msiba. Na sisi tukamuona yule mkubwa ndiye muungwana na yule kijana ndiye mjeuri. Nimemfikiria sana kijana yule. Katika uwanja mzima uliojaa watu wazima, yeye peke yake ndiye aliyekuwa akijaribu kumsaidia marehemu.

Kisha mkubwa akaomba kiti, akakaa chini ya mwembe mbele ya nyumba ya msiba, akaanza kuuliza hadharani: nani alimuona mara ya mwisho, nani mgeni hapa, nani ana ugomvi na wazazi. Watu walijibu huku wengine wanasikiliza. Wa pili alijibu akiwa ameshasikia jibu la wa kwanza, na wa tatu ameshasikia yote mawili. Watoto aliotoka nao chuoni, ambao huenda walikuwa na la kusema kuliko sote, waliulizwa mbele ya baba zao, mbele ya ustadhi wao, mbele ya umati. Wakainamisha vichwa wakasema hawajui. Nimekaa na watoto wa umri ule maisha yangu yote. Mtoto hasemi jambo zito mbele ya wakubwa waliomzunguka, hata akiwa analijua vizuri. Alitakiwa akae na mtu mmoja mpole, penye kivuli, mamake akiwa karibu, na apewe muda.

Maiti ilipelekwa hospitali na kurudishwa kabla ya Alasiri. Alitazamwa kwa nje. Wazee wa familia walishasema mapema kwamba mtoto wao hapasuliwi, azikwe leo leo, na hakuna aliyekaa nao kuwaeleza vyengine. Kuharakisha maziko ni jambo jema katika dini yetu, nami nimelisimamia miaka yote. Lakini masheikhe wengi wanaruhusu maiti ichunguzwe panapokuwa na dharura, na mtoto aliyeuawa kudai haki yake ni dharura. Angepatikana mtu mmoja wa kuwaambia hivyo kwa upole wazee wale, naamini wangesikia, maana hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na uchungu, na askari nao walikuwa na haraka.

Nikaitwa. Ufuo, shimo la kupokea maji ya kuoshea, ulikuwa umeshachimbwa, kitanda kimewekwa juu yake, shuka zimezungushwa pande zote. Tulikuwa mimi na mama yake mdogo. Majani ya mkunazi yalikuwa yameshatwangwa, kafuri ipo kwenye kisosa kwa ajili ya maji ya mwisho. Nilianza kama ninavyoanza siku zote, kwa bismillahi na kwa upole, na baada ya muda mfupi mikono yangu ikasimama.

Niliyoyaona sitayaandika hapa. Tumefundishwa kwamba muosha asitoe siri ya maiti, na mtoto yule nilimfunika na bado namfunika. Msomaji asinitafute kuniuliza. Ninachoweza kusema ni kwamba yapo mambo ambayo mkono unayajua unapopita juu ya ngozi yenye maji, ambayo mtu aliyesimama mlangoni na kalamu hawezi kuyajua. Na yapo mambo ambayo, maji yakishapita, hayapo tena. Nilimwambia mama yake mdogo tungoje kidogo, nikatoka.

Nilimfuata askari mkubwa pale mwembeni. Nikamwambia, "Afande, kuna mambo nimeyaona, ningeomba nikuelezee faraghani kabla hatujaendelea." Akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, daktari keshaandika. Nyinyi malizeni, watu wanasubiri jeneza." Nikarudi ndani. Tukamaliza.

Nilipotoka tena, nikiwa bado na mikono mibichi, nikaona uani gauni la mtoto limeanikwa kwenye kamba, linachuruzika. Gauni lile alilokutwa nalo. Lilirudi kutoka hospitali ndani ya mfuko, likakabidhiwa familia, na shangazi yake, kama anavyofanya kila mwanamke wa kwetu kwa nguo za maiti zilizoingia najisi, akalifua kwa sabuni ili litolewe sadaka. Hakuna aliyemwambia lisiguswe. Nilisimama nikilitazama lile gauni, rangi yake ya samawati, na mtandio wake umebanwa pembeni, na nikajua kwamba hata akipatikana mtu kesho, hakuna kitu cha kumuonyesha hakimu.

Usiku ule, baada ya watu kutawanyika, nilichukua daftari la skuli nikaandika kila kitu. Nilichokiona, saa ngapi, nani alikuwepo, maneno ya askari, ndara, gauni. Nikatia tarehe na sahihi. Sikumuonyesha mtu, hata mume wangu. Nilijua kuna tofauti kati ya kutangaza siri ya maiti na kumtolea ushahidi. Barazani sisemi neno. Mbele ya hakimu nitasema kila herufi.

Basi yakaanza maneno.

Kwanza yaliwaangukia wachumaji wageni. Swali la askari, "nani mgeni hapa", lilishapandwa mbele ya watu wote, na jioni ile vijana wakenda kwenye mabanda na marungu. Alfajiri wachumaji walibeba mabegi yao wakenda kutafuta boti. Hakuna aliyeandika majina yao wala walikotoka. Nami najiuliza mpaka leo: watu wale walikuwa juu ya mikarafuu mchana kutwa, juu kabisa, mahala mtu anapoona bonde lote na kila njia inayoingia. Kama kuna aliyeona mtu akipita, alikuwa miongoni mwao. Tuliwafukuza mashahidi wetu wenyewe.

Walipokwisha kuondoka wageni, maneno yakahitaji mtu mwengine. Palikuwa na mzee mmoja msusi wa dema, mitego ya samaki, mkewe kafariki, hana mtoto, na kibaraza chake kiko njiani watoto wanapopita kurudi chuoni. Msimu wa embe huwapa maembe. Alikuwa hivyo miaka yote na hakuna aliyewahi kusema neno. Sasa maembe yale yakawa na maana. Ukimya wake nao ukawa na maana, na usiku akiwasha taa watu wanauliza anafanya nini, asipowasha wanauliza anaficha nini.

Hapa pana jambo ninaloomba msomaji alifikirie vizuri, kwa sababu ndilo lililonifungua macho kuliko yote. Jirani yao mmoja, mwanamke ninayemuheshimu, aliniambia uani siku ile ile ya maziko, "Mwalimu, mie jana sikuona kitu, nilikuwa ndani nakuna nazi." Nililiandika hilo katika daftari langu. Siku ya khitma alikuwa anasema kwamba alisikia kishindo cha miguu. Baada ya wiki chache alikuwa amemuona mtu akipita na kikapu. Ilipofika arubaini, mtu yule alikuwa ni mzee wa dema, na kikapu kimefunikwa kitambaa. Mwanamke yule hakuwa mwongo. Nilikuwa nikimtazama usoni anapoeleza, na machozi yanamtoka, alikuwa anayaona kweli yale anayoyasema. Maneno ya barazani yalikuwa yameingia kichwani mwake yakawa kumbukumbu. Na askari waliporudi kuandika maelezo, hayo ndiyo waliyoyaandika, kwa sababu siku ya kwanza hakuna aliyemuandikia kwamba alikuwa ndani anakuna nazi.

Mzee akachukuliwa. Picha yake ikapita simu kwa simu, na chini yake watu wameandika mambo ambayo sitayarudia. Alikaa ndani muda mrefu, kisha akaachiwa kwa sababu hapakuwa na kitu cha kumpeleka mbele ya Mahakama Kuu. Aliachiwa kimya kimya. Hakuja askari wala kiongozi yeyote kusimama pale pale mwembeni, mahala alipotuhumiwa, kusema kwamba mtu huyu hatukumkuta na kosa. Kwa hivyo watu wakajaza wenyewe: katoa kitu, ana mtu mkubwa, ana mambo yake ya usiku. Dema zake zilikatwakatwa, mlango wake ukatiwa moto. Akahamia Unguja kwa ndugu zake, usiku, na hakurudi.

Wenye umri wangu tunapaswa kukumbuka haya yanakofika. Mwaka 1995 popobawa alipovuma, yule shetani aliyeaminiwa kuwavamia watu usiku majumbani mwao, ilianza kwetu Pemba ikavuka Unguja. Watu walilala nje, familia nzima zimejikusanya mbele ya nyumba, mtu anaogopa kuingia chumbani kwake. Na hofu ile ikatafuta mwili wa kuushika. Unguja umati ulimuua mtu mgonjwa wa akili, mgeni kutoka bara, kwa kuamini kwamba ndiye. Hakuwa na nguvu ya kujieleza wala ndugu wa kumkinga. Nikiwatazama wote walioangukiwa na maneno katika msiba wetu, wachumaji wageni, mzee asiye na mke wala mtoto, naona ni watu wa namna hiyo hiyo. Hakuna hata mara moja maneno yalipomuelekea mtu mwenye ukoo mkubwa.

Kisha yakamgeukia mama wa mtoto. Kwamba hakulia. Nilikuwepo, na ni kweli hakulia mbele ya watu. Alikaa kwenye mkeka kavu, macho yamemtoka, anaitikia pole kwa sauti ya chini. Wanawake wakatazamana. Nimeingia nyumba nyingi za msiba, na nawaambia mnaosoma: uchungu hauna sura moja. Nimeona wanaogaragara, nimeona wanaopika chai ya watu mia bila kutikisika kisha wakazimia siku ya tatu, nimeona aliyecheka. Machozi hayajathibitisha wala kukanusha kitu chochote. Lakini mwanamke yule mpaka leo anapokwenda mferejini kuna wanaonyamaza akifika.

Miaka ilipita. Binti yangu akaenda kusoma sheria Chuo Kikuu cha Zanzibar, kule Tunguu. Likizo moja alikuja na habari ya kesi waliyoizungumza na wenzake katika somo la ushahidi, akaniambia, "Mama, kaa nikusimulie hii." Ilikuwa ya mtoto JonBenét Ramsey, wa miaka sita, aliyeuawa nyumbani kwao katika mji wa Boulder, jimbo la Colorado, Marekani, mwezi wa Desemba 1996, usiku wa Krismasi kuamkia tarehe 26.

Alivyokuwa akisimulia nilihisi anasimulia kijiji chetu. Mamake alipiga simu polisi kabla ya saa 12 asubuhi, akisema mtoto kachukuliwa na pameachwa barua ya kudai fedha, dola 118,000, barua ya kurasa mbili na nusu. Polisi walifika upesi. Lakini walichofunga ni chumba cha mtoto tu. Nyumba iliyobaki iliachwa wazi, marafiki wa familia wakaitwa, wakaja, wakazunguka humo, wengine kwa wema wakasafisha jikoni. Ilipofika adhuhuri alikuwa amebaki mpelelezi mmoja peke yake na watu wote wale. Kiasi cha saa 7 mchana akamwambia baba wa mtoto na rafiki yake waipekue nyumba. Baba akateremka chini, akafungua kichumba ambacho polisi hawakukifungua asubuhi nzima, akamkuta mwanawe. Naye akafanya alivyofanya ami wa mtoto wetu: akambeba akampandisha juu. Kisha maiti ikahamishwa tena na kufunikwa.

Nilimwambia binti yangu anyamaze kidogo. Nilikuwa nikidhani yale yetu yalitokea kwa sababu sisi ni masikini, kituo hakina gari, hospitali haina vifaa. Na kweli hivyo vyote ni vikwazo. Lakini wale walikuwa katika nchi yenye maabara na wataalamu wa kila namna, na maabara yote yale hayakuweza kurudisha zile saa saba za mwanzo. Asubuhi ya kwanza haihitaji mashine. Inahitaji kamba, kalamu, na mtu asiyeona haya kumwambia jirani yake "rudi nyuma".

Na yaliyofuata pia nilikuwa nayajua. Wazazi walipotokea kwenye televisheni siku ya mwaka mpya wa 1997, nchi nzima ikaanza kuwasoma nyuso: huyu kafumba macho, huyu analia namna gani. Mwaka 1999 baraza la wananchi lililosikiliza ushahidi lilipiga kura wazazi washitakiwe, mwendesha mashtaka akakataa kutia sahihi kwa kuona ushahidi hautoshi, na jambo hilo likabaki limefungiwa, hati zake hazikufunguliwa mpaka 2013. Mwaka 2006 mwanamme mmoja alikamatwa Bangkok akisema yeye ndiye, dunia nzima ikaamini, na vipimo vya vinasaba vikaonyesha siye. Mwaka 2016, miaka 20 baada ya msiba, kipindi cha televisheni kiliwafanya watu wamtazame kaka wa marehemu, ambaye alikuwa mtoto wa miaka tisa usiku ule. Akafungua kesi ya kuchafuliwa jina, na 2019 wakamalizana nje ya mahakama.

Lililonikaa moyoni ni barua. Mwezi wa Julai 2008 mwendesha mashtaka wa eneo lile aliwaandikia familia kwamba kwa vipimo vya vinasaba vilivyopatikana hawawahesabu tena kuwa watuhumiwa, na akawaomba radhi. Wapo wataalamu wanaoipinga barua ile mpaka sasa, na kesi yenyewe haijafumbuliwa. Lakini mamake JonBenét alifariki kwa saratani mwezi wa Juni 2006. Barua ilikuja yeye yumo kaburini kwa miaka miwili. Nilimuuliza binti yangu mara mbili kuhakikisha tarehe. Nilikuwa nikimfikiria mzee wa dema, ambaye yeye hata barua ya kuchelewa hakuipata.

Binti ndiye aliyenieleza mambo niliyoyaona kwa macho bila kuwa na maelezo yake. Kwamba kila kielelezo kinatakiwa kiandikwe kilitoka wapi, nani alikichukua, alimkabidhi nani, saa ngapi, bila kukatika mpaka kifike mbele ya hakimu, na kikikatika pahala pamoja tu wakili wa upande wa pili anakiangusha. Kwamba nguo mbichi haitiwi mfuko wa plastiki, inaoza na ushahidi wake. Inakaushwa pahala safi ikatiwa mfuko wa karatasi. Kwamba mashahidi hutenganishwa na kuandikwa kila mmoja peke yake siku ile ile, kabla hawajazungumza. Nikenda chumbani nikaleta daftari. Alilisoma akiwa amesimama. Alipomaliza aliniambia, "Mama, maandishi ya usiku ule yana uzito kuliko kumbukumbu yoyote ya leo. Na kesi ya mauaji haifi kwa kupitwa na miaka."

Tulikwenda pamoja. Nikatoa maelezo yangu yote kwa watu wa mashtaka, mlango umefungwa, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na mwanamke aliyeniandikia alikuwa na subira ya kuniuliza swali moja moja na kunisomea alichoandika kabla sijatia sahihi. Nakala ya daftari ikapigwa muhuri. Hawakuniahidi kitu, na nimewaheshimu kwa hilo.

Kwa upande wa kijijini, nimo katika kamati ya shehia inayoshughulikia watoto, na hapo nimekuwa msumbufu. Sheha wetu wa sasa, Mwenyezi Mungu amlipe, amekubali kuweka kabatini mwake kamba ndefu, glavu na mifuko ya khaki. Waosha wenzangu, wanawake kwa wanaume, tumekubaliana: maiti yenye shaka haiguswi maji mpaka muosha asikilizwe na aandikiwe, hata jeneza likingoja, hata wazee wakikasirika. Imam ametuunga mkono na amelisema juu ya mimbari. Kijana mmoja wa kamati alitaka tuanzishe kundi la simu la "kufuatilia watuhumiwa", nikakataa katakata, nikamuomba badala yake aandike namba za dawati la jinsia na watoto la polisi na za kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachowahudumia waliofanyiwa ukatili, azibandike chuoni na skuli. Kaziandika kwa rangi nyekundu, zinaonekana kutoka barabarani.

Mama wa mtoto huja kwangu Ijumaa. Hatuzungumzi habari ile. Mara moja tu aliniuliza kama mwanawe aliteseka, na nilimjibu kwa ukweli ninaoujua, mimi na yeye, na hayo pia yatabaki hapo.

Sasa nasema na wale watoto aliotoka nao chuoni siku ile. Mmeshakuwa watu wazima, wengine mna watoto wenu, wengine mko Unguja, Dar es Salaam, Muscat. Mtajijua, sina haja ya kuwataja. Siku ile mliulizwa vibaya, mbele ya watu, na hakuna anayewalaumu kwa kunyamaza. Nasema pia na mchumaji yeyote aliyekuwa juu ya mkarafuu mchana ule akaondoka na boti ya alfajiri kwa hofu. Mnalolikumbuka, hata likiwa dogo, nendeni mkaliseme ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, iwe hapa Pemba au Unguja. Semeni mliloliona tu, na mlilolisikia kwa wengine mseme mlilisikia. Na kila mmoja aende peke yake, bila ya kumpigia simu mwenzake kwanza kumuuliza yeye anakumbuka nini.